Vito Vilivyolala Rehani: Fedha na Feruzi za Wanavajo



Nimeombwa nizungumzie uzuri wa vito vya kale vya Wanavajo, yaani fedha iliyofuliwa kwa mkono na kupambwa kwa feruzi. Uzuri huo upo na nitaugusia. Ila nimeona niingilie mlango wa nyuma, mlango wa duka la rehani, kwa sababu vingi kati ya vito hivi vilipitia huko kabla ya kufika kwenye makabati ya vioo ya makumbusho na kwenye shingo za watu wenye nafasi. Mkitoka hapa mnajua bangili hizi zilimfanyia kazi gani yule aliyezivaa kwanza, mtakuwa mmekijua kitu ambacho wanunuzi wengi hawajishughulishi kukiuliza.

Wanavajo, ambao wenyewe hujiita Diné, wanaishi kusini-magharibi mwa Marekani, katika nchi kavu ya miamba myekundu iliyokatwa na mipaka ya majimbo ya Arizona, New Mexico na Utah. Hifadhi yao, yaani eneo walilotengewa na serikali, ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 71,000. Ukiziunganisha Rwanda na Burundi, bado hazifikii. Waliosajiliwa kuwa raia wa taifa la Wanavajo wanakaribia 400,000. Nchi yao ya jadi imezungukwa na milima minne mitakatifu, na kila mlima una upande wake, rangi yake na kito chake: gamba jeupe mashariki, feruzi kusini, gamba la abaloni lenye kumetameta magharibi, na jeti nyeusi kaskazini. Mlima wa feruzi ni Tsoodził, ambao ramani za serikali zinauita Mount Taylor. Jiwe hilo basi lilikuwa katika imani ya watu na shingoni mwao tangu zamani. Huko Cerrillos, New Mexico, watu walilichimba kwa nyundo za mawe karne nyingi kabla Mhispania wa kwanza hajatia mguu.

Fedha ndiyo mgeni, na wala si mgeni wa siku nyingi. Wapo wanaodhani kwamba ufundi huu ni wa kale kama milima yenyewe, lakini haujatimiza hata miaka mia mbili. Mfuaji anayetajwa kuwa wa kwanza ni Atsidi Sani, jina ambalo maana yake ni Mfuaji Mzee. Alianza na chuma. Alijifunza kwa fundi wa Kimeksiko, na lililompeleka huko lilikuwa la kibiashara: Wanavajo walikuwa wapanda farasi, lijamu walizinunua kwa Wameksiko, naye akaona hiyo ni pesa ambayo ingeweza kubaki nyumbani. Mtafiti John Adair aliwasikiliza wazee wa Kinavajo mwishoni mwa miaka ya 1930, na katika kitabu chake cha mwaka 1944 wazee hao wanasema kwamba fedha ilianza kufuliwa baada ya watu kurudi kutoka kifungoni. Wapo wataalamu wanaoirudisha nyuma miaka kadhaa. Mimi nafuata maneno ya wazee.

Kifungo chenyewe kilikuwaje? Mwaka 1863 na 1864 jeshi la Marekani, likiongozwa na Kit Carson, liliingia nchi ya Wanavajo likachoma mahindi, likachukua mifugo, na katika bonde la Canyon de Chelly likakata hata mipichi. Njaa ilipowashinda, watu zaidi ya 8,000 waliswagwa kwa miguu zaidi ya kilomita 400 hadi Bosque Redondo, kando ya mto Pecos, mahali penye maji ya magadi na udongo usiokubali mazao. Walikaa huko mpaka tarehe 1 Juni 1868, ulipotiwa saini mkataba uliowaruhusu kurudi kwao, na serikali ikaahidi kuwapa kondoo na mbuzi 15,000 waanzie maisha. Kuna kisa cha kambini nisichoweza kukiacha. Chakula cha mgao kilitolewa kwa tiketi za karatasi ngumu, tiketi zikaghushiwa. Jeshi likaleta za bati la chuma zilizogongwa chapa. Wafuaji wa Kinavajo wakazighushi nazo. Kabla hawajawa masonara mashuhuri, mikono ile ilikwisha kuthibitisha kwamba inaweza kunakili chapa yoyote ya serikali.

Waliporudi, fedha waliipata wapi? Kwenye sarafu. Dola ya Marekani ya wakati ule ilikuwa na fedha sehemu 90 kwa 100, na ilitosha kuyeyushwa au kupondwa ikawa bamba. Sisi watu wa pwani hatuhitaji maelezo marefu hapa, kwa kuwa masonara wa Unguja, Lamu na Omani walifanya hivyohivyo na reale ya Maria Theresa, na wala reale hiyo haikuwa safi kama dola. Baadaye, kuanzia karibu mwaka 1890, serikali ya Marekani ilibana sheria ya kuharibu sarafu zake, na wafuaji wakahamia kwenye peso ya Meksiko, waliyoletewa na wenye maduka.

Tunajua vizuri namna walivyofanya kazi, shukrani kwa daktari wa jeshi aitwaye Washington Matthews, aliyekuwa katika kambi ya Fort Wingate. Aliwaajiri wafuaji wafanye kazi mbele ya macho yake, akaandika alichokiona, na maandishi hayo yalichapwa mwaka 1883. Tanuri lilikuwa la udongo juu ya fremu ya mbao. Mvukuto ulikuwa ngozi ya mbuzi iliyotanuliwa kwa pete za mti. Fuawe ilikuwa chuma chochote kizito kilichopatikana: kabari kuukuu, bolti ya gari la farasi na, reli ilipofika, kipande cha reli. Vyungu vya kuyeyushia walifinyanga wenyewe. Fedha ikishayeyuka ilimiminwa katika kalibu ya jiwe laini, ikatoka mche mnene, kisha ikapondwa, ikapashwa moto, ikapondwa tena, maana fedha ikigongwa bila kupashwa moto hupasuka. Bangili moja ingeweza kurudi motoni mara nyingi sana kabla ya kupindwa. Mwisho ilisuguliwa kwa mchanga na majivu, ikachemshwa na madini ya huko yanayotoa weusi wote.

Nakshi zilipigwa kwa vyuma vidogo alivyojitengenezea fundi mwenyewe kutokana na patasi mbovu, misumari minene na vipande vya tupa. Ncha ya chuma ilichongwa nusu duara, mwale au meno ya msumeno, kisha ikagongwa kwa nyundo juu ya fedha. Mtindo huu waliuona kwa Wameksiko, ambao waliutumia kwenye ngozi za matandiko ya farasi. Ukishika bangili ya miaka ya 1880 na kuitazama karibu, utaona kwamba mstari wa nakshi haukunyooka sawasawa, na kwamba pigo moja limezama kuliko jirani yake. Mashine haifanyi hivyo. Upande wa ndani mara nyingi una alama za nyundo ambazo fundi hakujisumbua kuzifuta, kwani hazionekani mtu akiivaa.

Tukae kidogo kwenye mkanda wa sahani za fedha, kwani ndicho kitu kinachosema mengi kuliko vyote. Ni sahani kadhaa za mviringo, pana karibu kama kiganja, zenye ukingo uliokatwa vijiwimbi, zimepangwa kwenye ukanda wa ngozi. Zile za mwanzo kabisa zina tundu katikati lenye umbo la almasi, na kijibamba chembamba kimelala katikati ya tundu. Ukanda wa ngozi hupenya kwa mbele, huzunguka kijibamba hicho na kutoka upande wa pili, hivyo katikati ya kila sahani unaiona ngozi. Watu wa makumbusho huusifia sana ubunifu huo, na ni kweli unapendeza. Lakini ulitokana na upungufu: mafundi walikuwa hawajaweza kulehemu vizuri, hivyo hawakuwa na namna ya kubandika kitanzi nyuma ya sahani. Walipoijua lehemu, tundu liliziba mara moja. Kitanzi cha shaba kikawekwa nyuma, katikati pakapata nafasi ya nakshi, na baadaye pakakaa feruzi. Kwa hatua hizo tatu mtu mwenye jicho anaweza kukadiria umri wa mkanda bila kuona karatasi yoyote. Lakini kadirio si hakika, kwani hata leo wapo mafundi wanaotengeneza mkanda wenye tundu kwa kuupenda tu.

Feruzi ilikaa juu ya fedha yapata mwaka 1878. Anayetajwa kuwa wa kwanza kuipachika ni Atsidi Chon, na kwanza aliiweka kwenye pete. Huyu ndiye pia aliyemfundisha ufundi Lanyade, mtu wa kabila jirani la Zuni, na tangu hapo njia zikaachana. Wazuni waliegemea mawe: wanayakata madogo kama sindano, wanayapanga kwa makumi, na fedha inakuwa kitako tu. Mnavajo aliegemea fedha. Kwake jiwe linakuja juu ya chuma kinachojitosheleza, na likidondoka, bangili bado ni bangili. Hiyo ndiyo ladha yangu mimi, nasema wazi nisije nikadhaniwa sina upande.

Katika mikufu yao mikubwa, chini kabisa pananing'inia hilali. Ndiyo, hilali, iliyopinda ncha zake kuelekeana. Msikilizaji wa Kiislamu ataitambua, na hatakosea sana. Wamoro, yaani Waislamu waliokaa Hispania kwa karne nyingi, walivisha hilali kwenye lijamu za farasi kuwa kinga ya jicho baya. Wahispania wakarithi vifaa vya farasi, wakavivusha bahari, na Wanavajo wakaiona kwenye paji la uso la farasi wa Mmeksiko. Waliifua kwa ajili ya farasi wao kwanza, kisha wakaivaa wenyewe. Ushanga wenye umbo la ua uliopangwa pande mbili za mkufu huo, ambao watalii huambiwa ni ua la boga, wataalamu wengi wanaufananisha na komamanga changa, pambo lililopendwa na Wahispania. Kwa hiyo mkufu mmoja una hilali ya Wamoro, tunda la Wahispania, dola ya Wamarekani na jiwe la mlima wa kusini. Nimesikia watu wakisema basi si wa Wanavajo. Sisi tulioambiwa maneno hayohayo kuhusu nyumba zetu za mawe, taarabu yetu na lugha yetu tunajua uzito wake, na sitapoteza muda wenu kuyajibu.

Sasa turudi kwenye ule mlango wa nyuma.

Baada ya mwaka 1868 maduka ya biashara yalienea katika hifadhi. Lililo mashuhuri ni la J. Lorenzo Hubbell huko Ganado, Arizona, lililoanza katika miaka ya 1870. Leo linatunzwa kama mahali pa historia ya taifa na bado linauza bidhaa. Maisha ya Mnavajo yalifuata kondoo. Sufu ilikatwa majira ya kuchipua, wana-kondoo waliuzwa majira ya kupukutika majani, na kati ya hapo mkono ulikuwa mtupu. Unga, kahawa, sukari na kitambaa vilichukuliwa kwa mkopo, na dhamana ya mkopo ilikuwa fedha ya mwilini. Mtu alivua mkanda, mwenye duka akaufunga lebo yenye jina na kiasi, akautundika chumba cha nyuma. Benki hazikuwepo. Mkanda ndio uliokuwa akiba, na ulikuwa akiba inayovalika, inayoonekana, inayorithiwa.

Mfumo huu ulikuwa na adabu zake. Ikifika siku ya sherehe au ya tiba, mwenye duka aliyewajua watu wake alimwazima mwenye mali mkufu wake avae mbele ya jamaa, naye akaurudisha baada ya ngoma. Mwenye duka aliyeuza rehani ya mtu kwa haraka alijiharibia, kwani familia nzima ingehamia duka lingine. Vito bora vingi vililala rehani na kukombolewa mwaka hadi mwaka bila kuuzwa kamwe. Nasisitiza jambo hili kwa sababu picha ya mfanyabiashara mnyonyaji na mteja mjinga ni nyepesi mno. Wanyonyaji walikuwepo, bei za maduka zilikuwa za juu na ushindani ulikuwa mdogo. Lakini Mnavajo aliyepeleka mkanda rehani alijua anachofanya, na alitarajia kuuvaa tena.

Shida ilikuwa pale asipoweza kukomboa. Muda ukipita, rehani ilihesabiwa imekufa, na mwenye duka alikuwa huru kuuza. Mwaka mbaya wa ukame, bei ya sufu ikianguka, rehani nyingi zilikufa pamoja. Katika miaka ya 1930 serikali, chini ya kamishna John Collier, iliwalazimisha Wanavajo kupunguza mifugo kwa hoja kwamba malisho yanamomonyoka. Kondoo na mbuzi kwa maelfu walichukuliwa, wengine wakauawa palepale machoni pa wenyewe. Familia iliyopoteza kundi ilipoteza sufu ya kukombolea mkanda. Kisha katika miaka ya 1970 serikali kuu ilichunguza maduka ya hifadhi, masharti yakakazwa, na biashara ya rehani ikahamia miji ya nje kama Gallup, ambako muuzaji na mteja hawakuwa tena majirani.

Hapo ndipo linapotoka neno linalopandisha bei kuliko yote katika soko la leo: rehani ya kale. Mnunuzi wa New York akiliona hufurahi, kwa kuwa linamhakikishia kwamba kitu kilivaliwa na Wanavajo wenyewe na hakikutengenezewa watalii. Katika hilo ana haki. Lakini anachokilipia zaidi ni ushahidi kwamba mtu fulani alishindwa kulipa. Na kwa kuwa lebo hiyo ina faida, hubandikwa hata kwenye bangili ambayo haijawahi kulala rehani hata usiku mmoja.

Vitu vya watalii navyo vina historia yake. Reli ilifika Gallup mwanzoni mwa miaka ya 1880, na kampuni ya Fred Harvey ikajenga hoteli na maduka kando ya reli. Mwaka 1899 mnunuzi wake, Herman Schweizer, alianza kuwapa mafundi, kupitia mwenye duka mmoja wa Thoreau, New Mexico, fedha na feruzi zilizokwisha kukatwa, akitaka vito vyepesi kuliko walivyovaa wenyewe. Mwanamke wa mjini hakuwa tayari kubeba nusu kilo mkononi. Ndipo ilipozaliwa bangili nyembamba yenye mishale, na kadi zilizoeleza maana ya kila alama: huu mshale ni ulinzi, huyu ndege ni furaha isiyo na mpaka. Nyingi kati ya maana hizo zilitungwa dukani. Alama moja iliyokuwa na uzito wa kweli, ile ya magogo yanayozunguka, itokayo kwenye michoro ya mchanga ya tiba, ilifanana na msalaba wa Wanazi. Mnamo Februari 1940 wawakilishi wa Wanavajo, Wahopi, Waapache na Wapapago walitia saini tamko la kuiacha.

Leo, je? Kituo cha mauzo cha Wanavajo wenyewe kilianzishwa mwaka 1941, na kazi yake inaendelea. Mafundi wapo, wanaume kwa wanawake, na baadhi wana majina yanayouzika peke yake. Ila jiwe limeadimika. Feruzi ni fosfati ya shaba na alumini, jiwe laini lenye vinyweleo. Hunyonya jasho na mafuta ya ngozi na kugeuka taratibu kutoka buluu kwenda kijani, ndiyo maana jiwe la zamani lililovaliwa sana huwa na rangi ambayo jipya halina. Migodi mingi imefungwa. Ule wa Sleeping Beauty huko Globe, Arizona, uliacha kutoa feruzi mwaka 2012. Kinachojaa sokoni ni jiwe laini lililoshindiliwa gundi ya plastiki, au jiwe jeupe lisilo feruzi kabisa, lililopakwa rangi.

Na bandia zimevuka bahari. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inasema kwamba anayeuza kitu kwa kudai kimetengenezwa na Wahindi Wekundu hali si kweli anaweza kufungwa hadi miaka mitano. Mwaka 2018 mahakama huko New Mexico ilimhukumu mfanyabiashara kifungo cha miezi sita kwa kuuza kwa jina hilo vito vilivyotengenezwa Ufilipino. Miezi sita. Fundi anayekaa siku tatu juu ya bangili moja hawezi kushindana na kontena, na hukumu kama hiyo haimtishi mwenye kontena.

Wapo ndugu zetu wengi, hasa waliotoka Kongo na Burundi, wanaoishi Phoenix na Tucson, na vito hivi wanavikuta kila soko la mwisho wa wiki. Rai yangu kwao, na kwenu mtakaosafiri, ni hii. Usiulize kwanza umri. Uliza jina la aliyekifua, taifa lake, jiwe limetoka mgodi gani na kama limetiwa dawa, na majibu yote yaandikwe kwenye risiti. Ukiambiwa ni rehani ya kale, uliza ya duka gani na lebo yake iko wapi. Muuzaji asiyeweza kukuandikia hayo, mwachie bangili yake.